Saa 12 kwenye tiketi, saa 37 njiani: Safari ya kutoka Kisii hadi Minneapolis

TIKETI ya ndege ya kutoka Nairobi hadi jiji la Minneapolis, Marekani, humkanganya anayeisoma kwa mara ya kwanza. Upande wa kwenda, msafiri huonyeshwa kuwa ataondoka saa sita na nusu usiku na kuwasili saa saba mchana wa siku iyo hiyo. Ukihesabu kwa vidole utapata muda wa saa 12 na nusu. Upande wa kurudi, ataondoka saa tisa alasiri na kutua Nairobi saa tatu usiku wa siku inayofuata, na hesabu ya vidole inatoa saa 30.

Umbali ni uleule na njia ni ileile. Hata hivyo, kwa jinsi karatasi inavyosomeka, kurudi nyumbani ni kama kunachukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kwenda. Ukweli ni kwamba safari hizi mbili zinakaribia kulingana: ya kwenda ni saa 21 na nusu na ya kurudi ni saa 21.

Kwa wakazi wa Kisii na Nyamira, suala hili si fumbo la kujistareheshea. Jimbo la Minnesota, hasa vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center vilivyo kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, ni miongoni mwa makao makubwa ya Abagusii walio nje ya Kenya. Wengi wao hufanya kazi katika sekta ya afya. Ni nadra kupata kijiji, kuanzia Suneka hadi Kebirigo, ambacho hakijamsindikiza mwanafunzi au muuguzi kwenda huko, na ambacho hakijawahi kuipokea maiti ya mpendwa wao kutoka huko.

Katika hali zote hizo, familia hulazimika kupanga siku na saa: gari liondoke lini kijijini, nani awe uwanjani, kaburi lichimbwe siku gani. Anayekosea hesabu hupoteza nauli, hukosa ndege, au huwaita waombolezaji kabla ya mwili kufika. Makala haya yanaeleza saa hizo huenda wapi.

UMBALI HALISI

Kutoka uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi uwanja wa Minneapolis–Saint Paul, umbali mfupi zaidi angani ni takriban kilomita 13,150. Umbali huu haupimwi juu ya ramani ya ukutani, kwa sababu ramani hiyo imeutandaza mviringo wa dunia ukawa bapa. Njia sahihi ni kuchukua tufe la dunia, lile ambalo walimu wa jiografia huliweka mezani, kisha kuuvuta uzi kutoka Nairobi hadi Minneapolis mpaka ukaze.

Uzi huo utapita juu ya Sudan, ukate jangwa la Sahara kupitia Libya na Algeria, uvuke Uhispania na kaskazini mwa Ureno, kisha uingie katika bahari ya Atlantiki. Ng'ambo ya bahari hautaelekea New York, bali utaingilia mashariki mwa Kanada, katika eneo la Labrador, na kuteremka hadi Minnesota kutoka upande wa kaskazini-mashariki.

Hakuna ndege ya abiria inayosafiri moja kwa moja kati ya viwanja hivyo viwili. Si kwamba teknolojia imeshindwa. Ndege ya shirika la Singapore huenda kutoka nchi hiyo hadi New York, zaidi ya kilomita 15,300, kwa muda wa saa 18 na ushei bila kutua. Kinachokosekana ni abiria wa kutosha kuijaza ndege ya aina hiyo kila siku kati ya Nairobi na Minneapolis.

Isitoshe, JKIA ina kikwazo cha kimaumbile. Uwanja huo uko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hivyo mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege na injini nazo hupungukiwa na nguvu. Ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi ardhini kabla ya kuruka. Hii ni mojawapo ya sababu za njia ya kurukia ya JKIA kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita nne. Aidha, baridi ya usiku huifanya hewa iwe nzito kidogo, na hilo huzifaa ndege za masafa marefu zinazoondoka saa hizo.

KWA NINI AMSTERDAM

Maadamu ndege ya moja kwa moja haipo, msafiri hana budi kubadilisha ndege njiani. Njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ile ya kupitia Amsterdam, Uholanzi. Wapo wanaodhani kwamba huko ni kuzunguka. La hasha.

Nairobi hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,680. Amsterdam hadi Minneapolis ni takriban kilomita 6,685. Kwa maneno mengine, Amsterdam imekaa karibu katikati kabisa ya safari. Jumla ya vipande hivyo viwili ni kilomita 13,365, yaani zaidi ya kilomita 200 tu kuliko ule uzi uliokazwa. Hiyo ni kama robo saa ya kuruka.

Tukilinganisha na njia nyingine, anayepitia New York kwa ndege ya Kenya Airways husafiri kilomita 11,840 bila kutua, kisha kilomita 1,650 nyingine hadi Minneapolis. Jumla ni kilomita 13,490. Anayeelekea Dubai kwanza, kisha Chicago na hatimaye Minneapolis, husafiri karibu kilomita 15,740. Huyo ameongeza zaidi ya kilomita 2,500, kwa kuwa alianza kwa kwenda mashariki ilhali aendako ni magharibi.

Njia ya Amsterdam ina historia pia. Shirika la KLM la Uholanzi lilinunua hisa katika shirika la Northwest la Marekani mnamo 1989, na Northwest lilikuwa na makao yake Minnesota. Mwaka wa 1996, KLM lilinunua asilimia 26 ya hisa za Kenya Airways. Kuanzia hapo, Nairobi, Amsterdam na Minneapolis zikawa zimeunganishwa na mashirika yenye ubia. Northwest liliunganishwa na Delta mnamo 2008, lakini Minneapolis iliendelea kuwa kituo kikuu cha shirika hilo jipya, na ndege za kwenda Amsterdam hazikukoma.

Njia ya New York ni ya majuzi. Kenya ilipewa hadhi ya daraja la kwanza na idara ya usafiri wa anga ya Marekani mnamo Februari 2017, na ndege ya kwanza ya Kenya Airways ikaondoka JKIA kuelekea New York tarehe 28 Oktoba 2018. Safari hiyo huchukua takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

UPEPO NA VITA

Tofauti hiyo ya saa moja kati ya kwenda na kurudi haitokani na uvivu wa rubani. Katika maeneo ya kati ya nusu ya kaskazini ya dunia, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi 12 ambako ndege hizi hupaa, upo mkondo wa upepo wa kasi unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa majira ya baridi, mkondo huo unaweza kuzidi kasi ya kilomita 200 kwa saa.

Ndege inayopaa kwa kilomita 900 kwa saa ikipambana na upepo wa kasi hiyo, kasi yake ikipimwa kwa ardhi iliyo chini hushuka hadi kilomita 700. Ikisukumwa nao kutoka nyuma, hupanda hadi kilomita 1,100. Kwa bahati njema, mkondo huo hauvumi kwa nguvu sawa njia nzima, na wapangaji wa safari huchagua njia ya kuukwepa wakati wa kwenda na kuudandia wakati wa kurudi. Ndiyo maana Amsterdam hadi Minneapolis huchukua karibu saa tisa, nayo Minneapolis hadi Amsterdam huchukua saa nane hivi.

Kati ya Nairobi na Amsterdam, ndege huelekea kaskazini zaidi kuliko magharibi, hivyo upepo huipiga ubavuni na tofauti huwa ndogo. Huko tatizo ni jingine. Vita vilipozuka Sudan mnamo Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika yanayounganisha Afrika Mashariki na Ulaya yakalazimika kuizunguka. Njia iliyonyooka kwenye tufe ikawa haipitiki, na dakika zikaongezeka kwenye ratiba pasi na umbali wa miji kubadilika.

SAA ZA KENYA NA SAA ZA MINNESOTA

Sasa turejee kwenye tiketi. Kila saa iliyoandikwa humo ni saa ya mahali ndege ilipo, wala si saa ya nyumbani kwa msafiri. Kenya iko mbele ya Minnesota kwa saa tisa katika miezi ya baridi. Minnesota husogeza saa zake mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika kipindi hicho tofauti huwa saa nane. Uholanzi nayo hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa sababu tarehe hizo hazilingani, zipo wiki kadhaa kila mwaka ambapo upande mmoja umebadilisha na mwingine haujabadilisha.

Kenya haibadilishi saa zake kamwe. Hivyo basi, aliyezoea kumpigia mwanawe simu kila Jumapili hushangaa kwa nini wakati fulani humkuta kanisani na wakati mwingine humkuta bado kitandani.

Utaratibu wa hesabu ni mwepesi. Kwa safari ya kwenda, chukua muda unaoonekana kwenye tiketi, kisha ongeza saa tisa. Saa 12 na nusu zikiongezwa tisa ni saa 21 na nusu. Kwa safari ya kurudi, ondoa tisa. Saa 30 zikiondolewa tisa ni saa 21. Katika miezi ya kiangazi cha Marekani, tumia nane badala ya tisa.

Upo mtego wa pili, nao umewaponza wengi. Tiketi hutumia saa za tarakimu 24 na siku huanza usiku wa manane. Ikiandikwa Alhamisi 00:30, maana yake ni saa sita na nusu za usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Msafiri anayetoka nyumbani kwake Alhamisi asubuhi, akiamini kwamba ndege ni ya usiku wa siku hiyo, atafika uwanjani wakati ndege yake imeshatua Ulaya.

SAA 37 ZA MSAFIRI WA KISII

Mfano ufuatao si ratiba ya shirika lolote, bali unafuata muda wa kawaida wa njia hiyo katika miezi ya baridi. Chukua mama mzee anayetoka Kisii kwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa Brooklyn Park.

Anaondoka mjini Kisii Jumatano saa nne asubuhi. Barabara ya Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu ina urefu wa takriban kilomita 310, na gari huchukua karibu saa sita. Anaingia Nairobi saa kumi jioni, wakati msongamano wa magari unaanza. Anapumzika kidogo kwa jamaa, anakula, kisha anafika JKIA saa tatu usiku, saa tatu na nusu kabla ya ndege kuruka.

Ndege inaondoka saa sita na nusu usiku na kupaa kwa muda wa saa nane na nusu. Anatua Amsterdam saa moja asubuhi ya huko, wakati Kisii ni saa tatu asubuhi. Anasubiri kwa saa nne. Saa tano asubuhi anaingia katika ndege ya pili, na baada ya saa tisa anatua Minneapolis saa saba mchana. Nyumbani Kisii ni saa nne usiku wa Alhamisi. Kupitia kwa maafisa wa uhamiaji na kuchukua mizigo huchukua takriban saa moja na nusu zaidi.

Tangu alipofunga mlango wake hadi anapokumbatiwa na mwanawe, ametumia saa 37 na nusu. Angani amekaa saa 17 na nusu pekee, chini ya nusu ya muda wote. Zilizosalia zimekwenda barabarani, kwenye foleni na kwenye viti vya kungojea.

JE, NDEGE YA KISUMU AU SUNEKA INASAIDIA?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mama huyo asipande ndege tangu mwanzo? Kisii hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni takriban kilomita 245 angani, na hata ndege ndogo huzimaliza kwa muda usiozidi saa moja hivi. Hata hivyo, uwanja wa Suneka ni mdogo na hutumiwa na ndege ndogo, na anayetua Wilson bado ana safari ya gari hadi JKIA.

Kisumu ina uwanja wa kimataifa na ndege za kila siku za kwenda JKIA, umbali wa takriban kilomita 280 angani, zinazochukua kama dakika 50. Lakini kufika Kisumu kutoka Kisii ni zaidi ya saa mbili za barabara. Ukiongeza saa moja ya kuwasili mapema na nusu saa ya kungoja mizigo, utapata karibu saa tano dhidi ya saa sita za gari. Faida yake si muda hasa, bali ni kwamba mgonjwa au mzee hukwepa uchovu wa barabara na foleni ya kuingia Nairobi. Anayetoka Nyamira naye aweza kupima kati ya njia hiyo na ile ya gari inayopitia Kericho na Nakuru.

TIKETI MOJA AU MBILI

Saa ambazo msafiri anaweza kuzidhibiti ni zile za kubadilisha ndege. Tiketi zinazoacha saa moja tu kati ya ndege na ndege huvutia kwa kuwa huonekana za haraka. Lakini ndege ya Nairobi ikichelewa kwa dakika 40, mtu ambaye hajawahi kuliona jengo hilo, asiyejua alama zake, hatawahi. Wahenga walisema, kawia ufike. Saa tatu au nne za kungoja ni bima nzuri kwa anayesafiri kwa mara ya kwanza.

Ni muhimu pia safari nzima iwe katika tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa na kumfanya msafiri akose ya pili, shirika hubeba jukumu la kumtafutia nafasi nyingine. Aliyenunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa huhesabiwa na shirika la pili kuwa ni mtu ambaye hakufika, na hulazimika kununua nyingine.

Wanaopitia New York wakumbuke kwamba ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani hufanyika pale msafiri anapokanyaga nchi hiyo kwanza. Hapo hapo huchukua mizigo yake, huipitisha forodhani, kisha huikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Anayepitia Amsterdam hukaguliwa Minneapolis, mwisho wa safari, ambapo hana tena ndege ya kuwahi. Wakati mwingine hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili, kuliko kilomita.

MWILI UNAPOREJESHWA NYUMBANI

Hesabu hizi huwa nzito zaidi pale anayerudi amelala ndani ya jeneza. Jeneza husafirishwa kama shehena, aghalabu katika sehemu ya mizigo ya ndege za abiria, na kwa hivyo hufuata saa zilezile.

Tuseme ndege inaondoka Minneapolis Jumatatu saa tisa alasiri. Wakati huo Kisii ni saa sita usiku, na Jumanne inaanza. Baada ya saa nane angani, saa tano Amsterdam na saa nane nyingine angani, mwili unatua JKIA Jumanne saa tatu usiku. Shughuli za karatasi na kukabidhiwa mwili huenda zikafikia Jumatano asubuhi, na barabara ya kilomita 310 ikamaliza mchana wa siku hiyo.

Familia iliyoambiwa kwa simu kwamba mwili unaondoka Jumatatu, nayo ikatangaza maziko ya Jumatano, itakuwa imewaita watu kabla ya jeneza kuingia uani. Alhamisi ndiyo siku ya mapema inayoweza kutegemewa, na hiyo ni ikiwa theluji ya Minnesota haijaichelewesha ndege. Kwa sababu hiyo, ni busara kusubiri habari kwamba mwili umeshatua Nairobi kabla ya kutangaza siku ya mwisho.

Kilomita 13,150 kati ya Nairobi na Minneapolis hazitapungua. Ndege za leo hazina kasi kubwa kuliko zile zilizosafirisha wanafunzi miaka ya tisini. Lakini katika saa 37 za msafiri wa Kisii, 20 ni za ardhini, na nyingi kati ya hizo hutegemea tarehe iliyosomwa vizuri, tiketi iliyochaguliwa kwa makini na gari lililoondoka mapema.